Madoa, Mkojo na Daftari la Ukoo: Kisa cha Mbwa wa Dalmatia

Dume wa Dalmatia, yule mbwa mweupe mwenye madoa, anapozibika mkojo, mwenye mbwa huchelewa kuelewa. Anamwona ameinua mguu kwenye mti, amesimama hivyo muda mrefu, kisha anahamia mti mwingine na kuinua tena. Hutoka matone, pengine yana damu. Jioni hagusi chakula. Kilichotokea ni kwamba kijiwe kidogo, mara nyingine si kikubwa kuliko punje ya mtama, kimeshuka kutoka kibofuni kikakwama nyuma ya ule mfupa ulio ndani ya uume wa mbwa, mahali ambapo mrija wa mkojo hauna nafasi ya kutanuka. Asipofikishwa kwa daktari wa mifugo mapema, kibofu kinaweza kupasuka au figo zikashindwa kazi. Jike hana mfupa huo, na mrija wake ni mfupi na mpana, kwa hiyo vijiwe vingi humpita bila mtu yeyote kujua.

Wafugaji wa siku nyingi wana ushauri wao: mnyweshe maji mengi, mpunguzie maini na figo kwenye chakula, mtoe nje mara kwa mara akakojoe. Ni ushauri mzuri, na hadi leo madaktari huutoa. Lakini kwa nini Dalmatia, na siyo mbwa koko wa jirani anayeshinda buchani akila mabaki? Jibu lilipatikana kipande kwa kipande kwa takriban miaka 90. Na kwa karibu miaka 30 kati ya hiyo tiba ya kudumu ilikuwa mezani, imethibitishwa, na wenye mbwa wao waliikataa kwa kura.

Ndiyo maana nimekichagua kisa hiki ninapotaka kuzungumzia tuzo. Marekani kuna American Kennel Club, AKC kwa kifupi, chama kinachosajili mbwa wa nasaba tangu 1884. Mwaka 1995 ulianzishwa mfuko wake wa afya, AKC Canine Health Foundation, unaogharamia utafiti wa maradhi ya mbwa. Mfuko huo una tuzo ya Rais, na nyingine iliyopewa jina la daktari wa mifugo Asa Mays. Zote ni za kuwaenzi waliotoa mchango mkubwa kwa afya ya mbwa. Tuzo za namna hii, popote zinapotolewa, hupenda kutaja michango ya fedha, sampuli za damu zilizokusanywa, miaka mingi ya kukaa kwenye kamati. Sina ugomvi na hayo hata kidogo. Bila fedha maabara haziwaki taa. Ila kuna kazi ya aina nyingine, ambayo siku inapofanyika hakuna wa kuipigia makofi kwa sababu ukumbi mzima umenuna. Kazi hiyo tuitazame kwa karibu.

Mkojo usiofanana na wa mbwa

Nyama, na hasa viungo vya ndani, ina vitu viitwavyo purini. Mwili ukishazivunja hubaki asidi ya yuriki. Sisi binadamu tunaishia hapo. Hatuna kimeng'enya cha kuivunja zaidi, ndiyo maana mtu mzima aliyezoea nyama choma na bia anaweza kuamka usiku kidole gumba cha mguu kinawaka moto: jongo limemshika. Mbwa ameumbwa na bahati zaidi. Ini lake lina kimeng'enya hicho, linaigeuza asidi ya yuriki kuwa alantoini inayoyeyuka vizuri ndani ya maji, anaikojoa, habari imekwisha.

Mwaka 1916 mkemia wa Marekani, Stanley Benedict, alieleza kwamba mkojo wa Dalmatia una asidi ya yuriki nyingi isivyo kawaida ya mbwa. Mwaka 1938 watafiti wawili, Trimble na Keeler, wakachapisha matokeo ya kumpandisha Dalmatia na mbwa wa mbegu nyingine na kufuatilia uzao wake. Tabia hiyo ya mkojo, walionyesha, inarithiwa kwa njia rahisi kabisa: jeni moja, tena fiche. Mbwa akiwa na nakala moja nzima na moja mbovu, mkojo wake ni wa kawaida. Ni lazima azirithi mbovu mbili, moja kwa baba na moja kwa mama, ndipo aukojoe mkojo wa Dalmatia.

Halafu kukawa na kitendawili. Ini la Dalmatia lilipochunguzwa, kimeng'enya kilikuwamo na kilifanya kazi. Mwaka 1972 madaktari walihamisha maini kati ya Dalmatia na mbwa wengine, wakakuta tabia ya mkojo kwa sehemu kubwa inalifuata ini, si mbwa. Basi hitilafu ilikuwa wapi? Piga picha ya jiko ambamo mpishi yupo, moto unawaka, sufuria iko mafigani, ila mlango umefungwa na samaki wamebaki uani. Ndivyo ilivyo kwa seli za ini la Dalmatia: asidi ya yuriki haiingii vizuri mahali inapotakiwa kuvunjwa. Mlango uleule una kazi kwenye figo pia, ya kuirudisha asidi kwenye damu, na huko nako haufanyi kazi. Matokeo yake asidi inamiminika kwenye mkojo, na mkojo ukikolea, vijiwe vinajikusanya.

Jambo lililokifanya kisa hiki kiwe kigumu ni hili: Dalmatia wote wa nasaba walikuwa na nakala mbili mbovu. Si wengi wao. Wote. Huko nyuma, katika kuchagua mbwa wa kuzalisha, nakala nzima ilipotea kabisa ndani ya ukoo.

Mfugaji anaposikia ugonjwa wa kurithi, jambo la kwanza analowaza ni kuchagua: huyu mzima mzalishe, huyu mgonjwa muache. Kwa magonjwa mengi njia hiyo inafaa. Kwa Dalmatia haikuwa na maana yoyote, maana hapakuwa na wa kuchaguliwa. Ungeweza kumpandisha dume ambaye hajawahi kupata kijiwe na jike ambaye hajawahi kupata kijiwe kwa miaka 100, na kila mtoto angezaliwa na jeni mbovu mbili. Nakala nzima ilibidi iletwe kutoka nje ya ukoo. Na neno "nje" ndilo ambalo daftari la ukoo, lile linaloandika ni mbwa gani wanahesabiwa kuwa wa mbegu hiyo, liliwekwa kulizuia.

Pointa mmoja

Robert Schaible alikuwa mtaalamu wa jenetiki katika Chuo Kikuu cha Indiana, na alifuga Dalmatia mwenyewe. Wanasayansi wa nje wanapoingia kwenye mambo ya mbwa wa nasaba, wafugaji husema: huyo anatusomea vitabu, hajui mbwa. Kwa Schaible maneno hayo hayakushika. Alijua madoa.

Mwaka 1973 alimpandisha jike wa Dalmatia na dume wa Pointa, mbwa wa kuwindia ndege mwenye umbo lisilo mbali sana na Dalmatia. Dume huyo hakuwa wa kuokotwa. Alikuwa bingwa wa maonyesho, Shandown's Rapid Transit. Watoto wote wa mimba ile walikojoa mkojo wa kawaida, kama sheria ya jeni fiche inavyotaka, kwa kuwa kila mmoja alirithi nakala nzima kutoka kwa baba. Madoa yao yalikuwa hafifu. Hayakujitenga vizuri kama ya Dalmatia anayestahili kuingia ulingo wa maonyesho.

Kuanzia hapo kazi yenyewe haikuwa na mbwembwe. Unachukua mtoto mwenye mkojo wa kawaida, unampandisha na Dalmatia halisi. Nusu ya watoto, kwa wastani, watarithi nakala nzima. Kipimo cha jeni hakikuwapo, kwa hiyo unapima mkojo wa kila mmoja. Kati ya waliofaulu unamchagua mwenye umbo na madoa mazuri kuliko wenzake, unampandisha tena na Dalmatia halisi. Kizazi baada ya kizazi. Ukihesabu uzao wa kwanza kuwa nusu kwa nusu, damu ya Pointa inashuka kuwa robo, kisha thumni, kisha moja ya 16. Kizazi cha tano ni moja ya 32. Kizazi cha kumi ni sehemu moja kati ya 1,024. Kinachobaki cha Pointa, zaidi ya kila kitu, ni ile nakala nzima uliyokuwa unaishikilia kwa makusudi, pamoja na kipande cha kromosomu kinachoizunguka.

Wakulima watalitambua hili mara moja. Ndivyo vituo vya utafiti vinavyoingiza kinga ya ugonjwa kwenye mbegu ya mahindi au ngano bila kuiharibu mbegu yenyewe. Hakuna mkulima anayelia kwamba mahindi yake si safi tena. Kwa mbwa mambo ni tofauti, na nadhani sababu ni kwamba mahindi hatuyaandikii ukoo.

Karatasi mbili

Mwaka 1981, baada ya vizazi vitano, Schaible aliomba mbwa wake wawili wasajiliwe: Stocklore Stipples na Stocklore Striper. Aprili mwaka huo alieleza mradi wake katika jarida la AKC. Bodi ya chama cha Dalmatia cha Marekani, Dalmatian Club of America, ilimuunga mkono. Rais wa AKC wa wakati huo, William Stifel, naye alisimama wazi upande wake. Msimamo wake, kwa ufupi, ulikuwa kwamba kama ipo njia ya kisayansi ya kurekebisha tatizo la afya bila kuharibu sifa za mbegu, basi AKC ina wajibu wa kuongoza njia. Mbwa wale wawili wakaandikwa daftarini kama Dalmatia.

Ukisimamisha kisa hapo, ni hadithi nzuri ya kutolea tuzo: mwanasayansi mvumilivu, bodi yenye busara, rais mwenye msimamo, piga picha, gawa ngao.

Lakini bodi si chama. Wanachama waliposikia, wengi walikuja juu. Kuelewa nguvu yao ni lazima ujue jinsi AKC ilivyojengwa. Ni chama cha vyama. Kila mbegu ya mbwa ina chama mama, na chama mama ndicho chenye maandishi ya sifa za mbegu hiyo. Dalmatian Club of America, kilichoanzishwa 1905, ndicho mwenye nyumba ya Dalmatia. AKC ni mlinzi wa lango, na si kawaida mlinzi amfungulie mtu ambaye mwenye nyumba amesema asiingie. Usajili wa watoto wa Stipples na Striper ukazuiwa. Wazazi walikuwa na karatasi, watoto wakakosa. Suala lilijadiliwa katika mkutano wa wanachama mwaka 1984, kisha halikuletwa tena mkutanoni kwa miaka 22.

Waliokataa hawakuwa wajinga, na uchambuzi unaowafanya wajinga haufai kitu. Hoja yao ya kwanza ilikuwa ile ya nazi mbovu harabu ya nzima: unaleta Pointa kwa ajili ya jeni moja, unajuaje hajaja na maradhi yake ya Pointa ambayo yatajificha na kuibuka baada ya vizazi vitatu? Mwaka 1984 hapakuwa na kipimo cha kumhakikishia mtu yeyote. Hoja ya pili ilikuwa ya kweli pia: Dalmatia wengi, hata madume, wanaishi na kufa bila kuzibika hata mara moja. Mkojo wenye asidi nyingi si ugonjwa, ni hatari ya kuugua. Mtu aliyefuga Dalmatia miaka 20 bila kuona kijiwe angeuliza kwa haki kabisa, mnatibu nini? Kulikuwa na hoja ya tatu iliyohusu siku za usoni, kwamba mlango ukifunguliwa leo kwa sababu nzuri, kesho utafunguliwa kwa sababu ya rangi inayouzika.

Na kulikuwa na kitu ambacho si hoja. Kiswahili kina neno chotara, na kina neno koko, na yote mawili yanaweza kutamkwa kwa namna ya kumfanya msikilizaji ajisikie mdogo. Kiingereza nacho kina yake. Mtu aliyetumia maisha yake kujenga ukoo wa mbwa, anayewajua babu wa babu wa mbwa wake kwa majina, anapoambiwa kwamba ukoo huo unahitaji damu ya nje ili upone, anasikia kama ametukanwa yeye. Hapo hesabu ya moja ya 32 haimsaidii. Kwake hata moja ya 1,024 bado ni doa, na si doa la aina anayoipenda.

Jibu la hoja ya nazi mbovu, kwa maoni yangu, lilikuwa mbele yao tangu mwanzo. Katika kikapu kile, kwa jeni hii moja, nazi zote zilikuwa zimeharibika isipokuwa ile iliyotoka nje.

Jeni yapatikana

Wafugaji wachache hawakuacha. Kwa zaidi ya miaka 20 waliendelea kuzalisha mbwa ambao AKC haikuwatambua, wakipima mikojo, wakitunza kumbukumbu. Siwataji kwa majina, lakini kama kuna watu katika kisa hiki ambao nisingependa wasahaulike, ni hao. Schaible alikuwa na cheo cha chuo kikuu cha kumlinda. Wao walikuwa na mbwa wasiouzika kwa bei ya Dalmatia, na majirani wa ulingoni waliowageuzia mgongo.

Kazi yao ililipa kwa njia ambayo haikutarajiwa. Kutafuta mahali jeni ilipo unahitaji familia ambamo tabia inagawanyika, wengine wanayo na wengine hawana. Ndani ya Dalmatia wa kawaida familia kama hiyo haipatikani, wote ni sawa. Familia ya Schaible ndiyo iliyokuwa nayo. Mwaka 2006 timu ya Danika Bannasch wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Davis, Schaible akiwa mmoja wa waandishi, iliitumia familia hiyo kuonyesha kwamba hitilafu iko kwenye kromosomu ya 3 ya mbwa. Mwaka 2008 timu ya Bannasch ikaitaja jeni yenyewe: SLC2A9. Herufi moja imebadilika, na kwa ajili yake asidi amino iitwayo sisteini imebadilishwa na fenilalanini katika protini inayopitisha asidi ya yuriki. Ule mlango wa jiko ukapata jina.

Mwaka huohuo watafiti wa binadamu walikuwa wakiitambua jeni hiyohiyo kuwa miongoni mwa zinazoamua kiasi cha asidi ya yuriki kwenye damu yetu na uwezekano wa kupata jongo. Mbwa aliyenyimwa karatasi alikuwa amesaidia kumfafanua mzee na kidole chake gumba.

Utafiti huo ulibaini tena kwamba hitilafu imo pia kwa baadhi ya Bulldog na Black Russian Terrier. Kwao haijaenea kwa mbwa wote, kwa hiyo kipimo kinatosha: unafuta mate shavuni kwa kijiti cha pamba, unatuma maabara, unajua nani umpandishe na nani. Hawahitaji Pointa. Tofauti hiyo inaonyesha kwa nini kila mbegu ya mbwa inahitaji uchambuzi wake.

Kura inapinduka

Mwaka 2006, uleule ambao kromosomu ilitajwa, mkutano mkuu wa Dalmatian Club of America uliujadili mradi tena kwa mara ya kwanza tangu 1984. Wanachama wakakubali mjadala ufunguliwe na makala za pande zote zichapishwe. Linaonekana jambo dogo. Mimi naliona kuwa ndilo kubwa kuliko yote katika mwenendo wa chama hiki, kwa sababu kabla ya hapo mwanachama wa kawaida alijua msimamo wa chama bila kujua hesabu iliyoupinga.

Upande wa pili wa bahari upepo ulikuwa mkali zaidi. Agosti 2008 BBC ilirusha kipindi kilichowashutumu wafugaji wa Uingereza kwa kuendekeza maumbo yanayowatesa mbwa, na baadaye ikaacha kurusha maonyesho makubwa ya Crufts. Januari 2010 Patrick Bateson, mtaalamu wa tabia za wanyama wa Cambridge, akatoa ripoti ya uchunguzi huru kuhusu uzalishaji wa mbwa. Ni katika mazingira hayo The Kennel Club ya Uingereza ilipomsajili, mwaka 2010, jike aliyeletwa kutoka Marekani, Fiacre's First and Foremost, wa uzao wa Schaible, maarufu kwa jina la Fiona. Machi 2011 akaingia ulingoni Crufts. Malalamiko yalikuwepo, magazeti yakafurahia neno chotara. Lakini aliyemtazama Fiona aliona Dalmatia.

Julai 2011 AKC ikakubali kuwasajili mbwa wa mradi. Miaka 30 tangu karatasi mbili za mwanzo, 38 tangu Pointa.

Siku hizi mfugaji wa Marekani au Uingereza anayezalisha Dalmatia wa mkojo wa kawaida hupata jibu la maabara lenye herufi tu: nakala mbili nzima, moja moja, au mbili mbovu. Dalmatia anayezaliwa Nairobi au Dar es Salaam kwa wazazi wa ukoo wa zamani bado anabeba mbili mbovu, awe na karatasi ya East Africa Kennel Club au asiwe nayo. Karatasi inasema yeye ni mtoto wa nani. Kuhusu mrija wake haisemi kitu, na bakuli la maji lisikauke.

Nani apewe ngao

Turudi kwenye tuzo. Tuseme mimi ni mjumbe wa kamati, faili la Dalmatia liko mbele yangu, na nimeambiwa nichague.

Schaible hana mpinzani. Lakini angalia muda. Angetuzwa 1981, tuzo ingetolewa na watu ambao miaka mitatu baadaye walikuwa wamewafungia watoto wa mbwa wake nje. Tuzo ya baada ya 2011 haina hatari kwa anayeitoa. Ngao nyingi za dunia hii huja wakati wa pili, jambo likishakuwa salama, na mpewa ngao anatakiwa atabasamu. Kitu ambacho kingemsaidia zaidi ni chenye thamani ndogo kuliko ngao ya mbao: namba ya usajili kwa mtoto wa Stipples.

Chama ni kesi ngumu zaidi. Kwa muda mwingi wa kisa hiki wanachama wa Dalmatian Club of America ndio waliokuwa kizuizi, na wakati huohuo chama hicho kina mfuko wa hisani unaochangia utafiti wa afya ya Dalmatia. Chama kinaweza kufanya yote mawili bila kujiona kinajipinga. Kuchanga fedha hakukuondolei chochote ulichonacho. Kupiga kura ya kumwingiza mjukuu wa Pointa kunakuondolea neno "safi" ulilolisema miaka 40. Ningekuwa mimi, kura ile ya 2006 ya kufungua mjadala ningeiandika kwenye sifa za chama kabla ya hundi yoyote. Wapo watakaosema chama kilichochelewesha kisisifiwe kwa kuacha kuchelewesha. Naielewa hasira hiyo. Ila ukiwaambia watu kwamba waliokosea hawatatambuliwa hata wakijirekebisha hadharani, utawapa sababu nzuri ya kushikilia makosa yao, na vyama vya mbegu nyingine vilikuwa vinatazama.

Bodi ya 1981 nayo ina lake. Iliona sawa, ikakubali, kisha ikashindwa kuwabeba wanachama wake. Sina hakika kama hilo ni la kusifiwa au la kufundishia viongozi wa vyama jinsi ya kushindwa. Pengine ingechukua mwaka mmoja kuwaeleza watu jeni fiche ni nini kabla ya kuwapa habari iliyokwisha amuliwa, miaka 27 isingepotea. Pengine.

Na Dalmatia mwenyewe bado ana la kudai. Kwa vipimo vya usikivu vilivyokusanywa Marekani na mtafiti George Strain wa Louisiana, karibu asilimia 8 ya Dalmatia ni viziwi wa masikio yote mawili na asilimia 22 wengine ni viziwi wa sikio moja. Uziwi huo unahusiana na weupe wa ngozi na manyoya, yaani na sura hasa ya mbwa huyu, na Pointa wa Schaible hakuja kuutibu. Wafugaji makini hupima masikio ya kila kitoto kikiwa na wiki chache, na chama kinawahimiza. Siku mtu atakapokuja na pendekezo la kuupunguza uziwi kwa kugusa madoa, tutajua mjadala wa 2006 umewafundisha nini.

Mmoja wa kisa hiki alikuwa na utepe kabla hata hakijaanza. Shandown's Rapid Transit alikuwa bingwa wa ulingoni kwa umbo lake la Pointa, kifua chake, mwendo wake. Hakuna hakimu aliyewahi kumpima mkojo.